Sauti Niliyorudishiwa Kwenye Filamu

Jumatatu, tarehe 14 Julai. Baridi ya kukata masikio tangu asubuhi, na yale manyunyu ambayo hayamloweshi mtu lakini yanamharibia nywele. Jua halikutoka hata kidogo.

Nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi na sijui kama nina haki ya kukasirika. Wacha niandike yaliyotokea, halafu nione.

Rafiki yangu ametengeneza filamu. Yeye ndiye mwenzangu wa maombi. Kila Alhamisi jioni huwa tunaomba pamoja, sisi wawili tu, kwake mtaa wa Mountain View, na tukisema Amina anaweka chai. Kazi yake ni kupiga video za harusi na mazishi, ana kaofisi mjini. Ni fundi kweli. Anajua kukata picha na kuziunga hadi bi harusi aliyekuwa akilia kwa hasira aonekane analia kwa furaha. Alinionyesha hiyo siku moja na tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi katika ukumbi mdogo mjini. Kwaya yetu ilikuja karibu yote, na mume wangu nikaja naye. Ni hadithi ya mama mjane anayeimba kwaya. Tangu mumewe azikwe, sauti yake haitoki. Kila Jumapili anasimama mstari wa pili, anafungua mdomo, anafunga, anapumua mahali pa kupumua, macho kwa mikono ya mwalimu, na hakuna anayejua kwamba haimbi. Kuna mahali kamera inamsogelea hadi ukuta wote unakuwa ni mdomo, unafunguka na kufungika bila kitu. Hata wale wa nyuma waliokuwa wakitafuna njugu waliacha.

Mjane si mimi. Mdomo ni wangu.

Nieleze vizuri. Mwaka juzi nilipoteza mtoto, mimba ikiwa ya miezi minane. Hospitali ilituuliza kama tunataka wao washughulikie maziko. Mume wangu akasema sawa. Mimi pia nilitikisa kichwa kukubali, kwa hivyo simlaumu peke yake, na wale wauguzi walikuwa wapole. Ila kwaya yetu huimbia kila mtu akizikwa. Tumemwimbia mlinzi wa geti, tumemwimbia mzee mmoja aliyekuja kanisani mara mbili tu maishani mwake. Huyu wangu hakuimbiwa. Hapakuwa na mahali pa kusimama tukaimba. Jumapili niliporudi kwaya nilifungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Nilidhani ni koo, nikanunua tangawizi na asali. Koo halikuwa na shida, maana nikiwa sokoni naita watu vizuri tu. Ni nyimbo ndizo zilizokataa. Na mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki, ndipo akaanza kunisifu. "Sauti ya pili imetulia siku hizi," alituambia, akiniangalia mimi. "Endeleeni hivyo hivyo."

Nilimwambia mtu mmoja tu, huyo wa Alhamisi. Mume wangu sikumwambia. Miezi ile ya mwisho ya mimba alikuwa ameanza kuniita mama, halafu akaacha, na niliona hilo linamtosha kubeba.

Mwisho wa filamu, Jumapili moja yule mjane anafungua mdomo na sauti inatoka, nzito, nzuri, kanisa zima linageuka kumtazama. Watu kwenye ukumbi walipiga makofi. Rafiki yangu akasimama mbele, akashika maikrofoni. "Hadithi hii ni ya kweli," alisema. "Ni ya dada wa kwaya yetu, yuko papa hapa ndani. Mungu alimrudishia sauti."

Nje, akina mama wa mstari wa pili walianza kuchunguzana.

"Ni nani jameni?"

"Mimi siyo. Mimi kila mtu hunisikia."

"Wewe tungeomba urudishiwe kunyamaza!"

Walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ni kweli yule mama hupiga kelele. Halafu mmoja akanigeukia. "Na wewe mbona umetulia?" Nikasema nasikia baridi.

Tulipokuwa tunaingia mtaani kwetu Jamhuri, mume wangu alikuwa bado anaisifu ile sinema. Mara akapunguza mwendo. "Huyo mama anashika kitabu cha nyimbo hapa tumboni, kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo wewe hushika." Akasimama. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona mimi ndiye nimekufa?"

Nilicheka tena, hadi machozi. Na yeye akanishika bega palepale barabarani, akasema, "Lakini umepona. Kumbe ulikuwa umebeba hayo yote na Mungu amekuponya, na mimi sijui." Kabla hatujafika getini alikuwa ameshampigia mama yake simu. Nilimsikia akimwambia kwamba sasa tuko sawa, kwamba tutajaribu tena mtoto. Hajaongea kwa sauti ya namna hiyo kwa muda mrefu sana. Na mimi sikumsahihisha. Jumapili nikaenda kanisani nikafungua mdomo kama kawaida, yeye akiwa ameketi kule chini ananitazama kama mtu anayesikia.

Leo saa ya chakula nilikutana na rafiki yangu kwenye mkahawa wa Adams Arcade, karibu na duka ninapoandika maandishi ya keki. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. Yote yalipotea, nikabaki na moja.

"Ungeniuliza."

"Kukuuliza nini, dada? Si ulitoa ushuhuda?"

"Nilikuambia jambo langu."

"Ulianza na Bwana asifiwe." Alisema bila ubaya, kama mtu anayekumbusha. "Ulikuwa umeshika kikombe, ukasema Bwana asifiwe, nikajibu Amina. Mtu akianza hivyo si anashuhudia?"

Hapo aliniweza. Kwetu, ombi la maombi ni siri ya waliokaa hapo. Ushuhuda ni kitu kingine, ukishatolewa ni wa watu wote, mtu anaweza kuubeba hadi kanisa la ng'ambo. Na unaanza na Bwana asifiwe. Shida ni kwamba mimi huanza kila kitu na Bwana asifiwe. Hata mteja akipiga simu kuuliza bei ya keki. Sikumbuki kama siku hiyo nilisema. Inawezekana kabisa nilisema.

Tena kuna hili. Wateja huniletea picha ya keki ya mtu mwingine kwenye simu, wananiambia, nifanyie kama hii. Nafanya. Maua yale yale, rangi ile ile. Sijawahi kuuliza ni jasho la nani. Kwa hivyo mimi pia siyo mtu wa kupiga kelele sana kuhusu kuchukuliwa.

"Na nilikubadilisha," aliendelea. "Mtoto sikumtaja. Nilimuua mume ili usijulikane."

"Halafu ukasimama mbele ukasema niko ndani."

"Hiyo nilibebwa," alisema. "Makofi yalinibeba. Pole."

Hiyo pole niliipokea. Nikauliza lile lililokuwa linaniuma hasa. "Na mwisho? Mbona anaimba?"

"Ulitaka nimalizie wapi? Watu watoke kwao na hii baridi, waje kumwona mama hajapona?"

"Lakini sijapona."

Aliniangalia. Nataka niandike hapa kwamba alishangaa kweli, haikuwa maigizo. "Bado?"

"Bado."

"Lakini nimekuombea! Kila siku nikiikata ile sehemu nilikuwa nakuombea. Ile sauti ya mwisho, dada, niliiweka kwa imani."

Kwa imani. Nimelelewa katika hayo. Mgonjwa anasema nimepona akiwa bado na homa, na sisi tunasema Amina, na hatumwiti mwongo. Nimesema hivyo mara nyingi juu ya mambo yangu. Lakini sikuwahi kusema juu ya hili. Hili ndilo pekee nililoliacha jinsi lilivyo. Kila Jumapili nikisimama pale bila sauti, angalau mtoto wangu alikuwa bado hajaimbiwa na mimi nilikuwa najua. Sijui kama ninaeleza vizuri. Nilisoma hadi darasa la nane tu. Yeye amechukua ukimya wangu akauziba kwa sauti ya mwigizaji, na watu wakapiga makofi, na mume wangu akampigia mama yake simu.

Alishika mkono wangu. "Basi njoo Jumapili. Itaonyeshwa kanisani baada ya ibada ya pili. Simama uimbe ubeti mmoja tu. Huenda ikatoka. Uone."

"Na isipotoka?"

"Itatoka."

"Sitakuja. Na uache kuwaambia watu ni ya kweli."

"Nikiacha watasema nilidanganya."

"Si ulidanganya?"

Hapo alilia. Watu wa meza ya pili waligeuka. Nilimpa karatasi ya kupangusa, nikarudi kazini, nikaharibu herufi kwenye keki ya mtoto wa mwaka mmoja, ikabidi nikwangue nianze upya.

Niseme pia lililo lake. Ile filamu ni nzuri. Ule mdomo ukutani, mimi singeweza kuuchora hata nikipewa miaka. Ndani ya giza lile nilijiona na nikajihurumia kwa mara ya kwanza, na hilo alinipa yeye. Ndiyo maana sielewi. Mtu anakuona vizuri namna hiyo, mpaka unavyoshika kitabu, halafu anashindwa kukuuliza kama umepona. Tulikuwa tunakutana kila Alhamisi.

Jioni nilimwandikia kwenye simu kwamba nimemaanisha. Alijibu, "Wacha niombe kuhusu hilo." Alhamisi sidhani nitaenda Mountain View.

Mume wangu alikuwa amefika kabla yangu, redio inaimba. Nilisema nikiwa bado nimevaa koti, nisije nikaghairi. "Ule mwisho aliutunga. Sijaimba tangu siku ile."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

"Harusi ya ndugu yangu? Si ulisimama mbele kabisa?"

"Hata hiyo."

Alizima redio. "Mama ameshaambia chama chake chote cha akina mama," alisema. Nikasema najua. Akachukua simu akatoka nayo kwenye ngazi. Mlango hakuufunga. "Mama, nilikosea," nilimsikia. "Hapana, si mgonjwa. Bado tu… Bado, mama." Halafu mama yake akaongea muda mrefu. Aliporudi ndani hakuniambia alichoambiwa, na hakunikasirikia, au alikasirika akaficha, sijui. Aliniuliza jambo moja: kama wale wa hospitali walitupa namba ya pale walipomzika. Nikamwambia sikuuliza. Akasema hata yeye. Kesho ataomba ruhusa kazini aende akaulize.

Tulikula githeri ya jana, yale mahindi na maharagwe, aliikaanga yeye na kitunguu na pilipili hoho, na parachichi moja tukagawana.