Shavu langu kwenye altare

Leo nimetubu bila kukusudia. 😂

Nilipewa kazi ya kuziba ufa kwenye altare ya marumaru, kanisani kwetu Nyamiaga. Gundi ya epoksi ilipokauka nikapiga msasa wa maji siku mbili, kuanzia ule mkali hadi ule laini kabisa.

Leo Padre kaja. "Nionyeshe ulipoziba."

Jamani, hata mwenyewe sipaoni!

Akaenda kufuata miwani.

Sasa, marumaru ina baridi, gundi haina baridi ile. Nikapiga magoti, nikalaza shavu kwenye jiwe, nikafumba macho, nikawa napapasa taratibu.

Ndipo wakaingia akina mama wa rozari. Aliyetangulia ni mama yangu mzazi, anayeniombea miaka sita nirudi kanisani.

"Mwanangu amerudi!"

Vigelegele. Machozi. Wote wakapiga magoti nyuma yangu.

Niambieni, ningeinukaje?

Padre akatokea na miwani yake, akatutazama, akaniinamia sikioni: "Jumapili, misa ya kwanza. Usichelewe."

Kiraka nilikipata, kiko ukingoni kushoto. Lakini nani atamwambia mama?

Mimi siwezi. Shati nimeshalipiga pasi.