Suruali Nyeupe na Gari la Rujewa

Mwanangu, kuna uvumi mmoja niliuamini kwa moyo wote nikiwa kijana, na nikiukumbuka leo natamani kujizaba kibao. Miaka ile ya hamsini, huku kwetu Igowole, ilisemwa kwamba landrova hutengenezwa kwa mabati ya ndege za vita, ndiyo maana haiozi hata ukiizika. Wengine waliongeza kwamba ikifika kwenye mlima mkali hukumbuka asili yake ikawa nyepesi. Mimi, mhitimu wa shule ya usiku, mtu niliyeweza kusoma gazeti zima bila kuvuta pumzi, niliwafundisha wenzangu habari hiyo kama hesabu.

Baba yangu mdogo alikuwa mkulima wa pareto. Mwaka huo aliuza maksai wake wote wanne, jembe la ng'ombe likabaki limeegemea ukuta, ili tupate landrova ya kupeleka pareto Iringa wakati wa mvua, kabla haijavunda. Yeye hakujua kusoma. Akaniambia, "Wewe umesoma. Kaliangalie vizuri, maana maksai hawarudi."

Nikaenda Rujewa. Sasa kwetu huendi kununua kitu kikubwa umevaa nguo za shamba. Utadharauliwa wewe pamoja na waliokutuma. Nilivaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Mwenye gari alikuwa tajiri wa mashine ya kukoboa mpunga. Alinieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba gari limebeba mpunga misimu mitatu katika majaruba ya Usangu, yale mashamba ya maji. Nje liling'aa. Boneti niliikuta ya moto, yaani alikwisha kuliwasha kabla sijafika, na mimi nikaona ni ukarimu.

Kisha akachukua gunia, akalitandika chini kando ya gurudumu. "Karibu, karani. Lala uangalie chini."

Wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wakasimamisha nyungo. Wachunga ng'ombe wawili wakaegemea fimbo zao. Nikaitazama suruali yangu, nikacheka kicheko cha msomi.

"Ndege gani, bwana, umewahi kuiona imeota kutu?"

Wote wakacheka, na mimi nikadhani tunacheka pamoja. Yule bwana akalikunja gunia lake taratibu. Akasema, "Basi unalijua kuliko mimi mwenyewe." Nikamhesabia fedha za maksai.

Hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo, mwanangu. Laiti angenidanganya! Ningemlaani kila asubuhi nikashiba. Alipaka lami kule chini kuficha kutu, hilo tulikuja kuligundua, lakini gunia alilitandika. Aliiona suruali, akajua sitalala chini.

Siku ya kwanza tulipakia magunia ya pareto mpaka juu. Baba mdogo akakaa mbele, amevaa koti lake la kanisani, anapungia mkono kila mtu. Tulipoingia kwenye kijito cha kwanza nikasikia mlio kama mti unaoanguka, gari likakunjika katikati, pua juu, mkia majini. Tulitoka wazima. Pareto haikutoka. Mvua ilikuja mchana huohuo ikamalizia iliyobaki.

Baba mdogo hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Mwaka ule alilima kwa jembe la mkono, na bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu ujana. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wangu, jembe kwenye bega la kushoto, akanisalimia vizuri kabisa. Nilimfuata shambani kila siku, lakini mikono yangu miwili haikufikia miguu kumi na sita ya maksai.

Na nyinyi leo mnanitia uchungu upya. Mnazunguka gari mara mbili, mnapiga teke gurudumu kana kwamba gurudumu litajibu, mnasifia rangi, mnatoa fedha. Nani aliwaroga? Gari la milimani linunue umevaa nguo chakavu. Fika mapema kuliko ulivyosema, uikute injini ya baridi, umwombe mwenyewe aiwashe mbele yako. Lipandishe mlima ukiwa na mzigo. Kwenye tambarare hata mkokoteni unakimbia. Chukua nyundo, lala chini, ugonge ule uti wa mgongo wake, chesisi, kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza. Na watu wakikucheka ukiwa umelala chali pale matopeni, waache wacheke, wewe endelea kugonga.

Mungu akupe macho ya kutazama chini, mwanangu, na asikupe kamwe suruali utakayoipenda kuliko watu waliokutuma.

Aliyenifumbua macho ni Fundi Saidi, mzee tuliyemwita kutoka Iringa aje aone kama gari linaungika. Alivua kanzu, akabaki na msuli kiunoni, akalala katika tope la kijito bila kuuliza nani anatazama. Alipotoka alinionyesha kipande cha chesisi, akakivunja kwa vidole kama mkate mkavu. Nikamwambia kuhusu mabati ya ndege. Hakucheka.

"Bati la juu ndilo halioti kutu," alisema. "Huku chini ni chuma, na chuma kikikaa majini kinaoza. Ungelala chini ungeona."