Undo Ilinirudishia Nusu Tu ya Nywele za Marehemu

Wakuu, salamu zenu.

Nitakayoeleza ni ya kweli tupu. Kutunga kunataka nguvu, na mimi sina.

Nina kibanda cha picha mtaani Kikwajuni. Passport, photocopy, na kusafisha picha za zamani kwenye kompyuta. Miaka yote hii natazama nyuso zilizoliwa na unyevu. Macho yamechoka, mgongo ndiyo usiseme.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, tumwite Mzee Haji, na picha ya marehemu mama yake. Hiyo hiyo moja, hawana nyingine. Mama bado kijana, kichwa wazi, mikia miwili minene ya nywele imeangukia mabegani.

Akataka niondoe madoa, kisha nimchoree mama mtandio.

"Nnataka kumtundika ukumbini," akasema. "Kila mgeni ataingia pale. Hawezi kukaa kichwa wazi."

Sikushangaa. Kazi hiyo naletewa sana.

Nikaskani, nikasafisha, nikaanza kuchora mtandio kwa brashi, kidogo kidogo. Kulia kwanza, kisha kushoto.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga. Nilichora juu ya picha yenyewe. Sikufungua layer mpya, yaani tabaka la kuchorea juu ya picha, wala sikuweka kopi. Mzee amenisimamia, adhuhuri inakaribia, nikabonyeza save juu ya ile ile.

Nikaprinti, akafurahi. Halafu akaichukua ile picha ya karatasi, akaichana vipande vipande mbele yangu.

"Hii ndiyo sitara yake," akasema.

Nikapokea pesa yangu. Mpaka leo najilaumu.

Kesho yake alasiri akaja dada yake, Bi Asha. Hata shikamoo yangu hakuipokea.

"Mwanangu, kaka kanambia kaichana. Nywele za mama unazo humo?"

Nikafungua faili, mtandio tu. Nikatafuta skani ya mwanzo, kumbe ndiyo hiyo hiyo niliyosevu juu yake.

Nikakumbuka programu sijaifunga. Uvivu wangu huo, wakuu, laptop huwa naifunika tu. Nikafungua History, orodha ya hatua za kazi. Mipigo ya brashi ipo, imejipanga.

Nikaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja. Mtandio ukawa unafutika upande wa kushoto. Mkia mmoja ukatokea, wote, mpaka ncha.

Kisha orodha ikaisha. Ilikuwa inaweka hatua hamsini tu, na mtandio ulikula nyingi kuliko hizo. Upande wa kulia haukurudi.

"Nisamehe, Bi Asha. Umebaki mmoja."

Aliutazama sana.

"Nprintie huo huo. Siku ile ya picha tulimsuka sisi wanawe, tukicheza, kila mmoja mkia wake. Huu wangu. Uliopotea ni wa kaka."

Nikaprinti. Hakulia yeye, nililia mimi alipoondoka.

Funzo: kopi kwanza, kazi baadaye. Ongezeni idadi ya hatua kwenye settings. Msifunge programu mpaka watu wote wenye picha waridhike, si aliyeileta peke yake.

Leo asubuhi Mzee Haji alipita. Dada yake kamwonesha. Akauliza kwa sauti ndogo kama na ule mkia wake unaweza kurudi.

Nikamwambia haurudi. Akakaa kwenye benchi langu mpaka adhuhuri.

Kama kuna mkuu anajua njia ya kuurudisha, aandike hapa chini. Mzee kasema atapita tena.