Kona ya Tabaka Kumi na Nane

Zinaida Prokofyevna Lukoyanova, binti wa Prokofi aliyetengeneza mitambo ya kufuma na kulala chini yake siku za baridi kali, mjukuu wa Matryona aliyewaongoza wanawake wa zamu ya asubuhi kuzima mashine siku tatu mpaka wakarudishiwa maji ya moto. Mwanamke aliyeshona kwa mkono wa kushoto katika mji ambao kila mtoto alichapwa mpaka atumie wa kulia. Aliyeshona kona za parachuti zilizowashusha wanaanga thelathini na wanne, wala hakuna aliyevunjika jino: ndiye huyo aliyefika mbele ya Jumba la Utamaduni la Zarechensk, Jumamosi moja ya Aprili, theluji imeshageuka tope, na viatu vyake vya mpira na koti lake la kijani la miaka yote, akaiuliza foleni nzima:

"Nani wa ukingoni?"

Mwanamume mwenye kofia ya manyoya akageuka. "Mimi, bibi. Lakini kama miguu inakusumbua pita mbele, hatutapiga kelele."

"Miguu yangu imekulalamikia wewe? Simama vizuri, unanimwagia maganda ya alizeti kiatuni."

Watu wakacheka, na yule mwanamume akaweka maganda yake mfukoni.

Siku hizi wapo wanaouliza "nani wa mwisho" bila hata kushtuka. Kwa watu wa parachuti neno hilo halipiti mdomoni. Mruko wa mwisho ni ule ambao mtu hakuinuka tena. Ulioruka jana ni wa ukingoni, na kona uliyoishona leo ni ya ukingoni, kwa sababu kesho ipo nyingine. Zinaida alilisema lile neno mara moja tu karakanani, siku yake ya kwanza kazini, akiwa na miaka kumi na saba. Fundi wake, Pelageya, alimpiga kofi la mdomo, kisha akamwekea chai.

Mfukoni alikuwa na kadi ya mwaliko yenye kingo za dhahabu, ya kumpitisha mlango wa wakubwa. Mkurugenzi wa kiwanda, Gleb Arkadyevich, alimpelekea kwa mkono wa dereva wake. Hakuitoa. Kadi ilisema aje "kuagwa kwa heshima zote", na yeye hakuwa na safari yoyote.

Habari yenyewe mtaa mzima ulikuwa nayo. Chombo kipya cha wanaanga, walichokipa jina la ndege, Korongo, kilikwenda angani bila watu, kikazunguka, kikarudi salama, na sasa kiliwekwa wazi watu wakione. Parachuti yake ilishonwa kwetu. Mashine zilishona sehemu zote isipokuwa kona ya juu, pale zinapokutana tabaka kumi na nane za kitambaa na mikanda. Hapo sindano ya mashine ilivunjika kila mara, ikabidi wamfuate Zinaida nyumbani, mwanamke aliyekwisha kustaafu, akae kitini miezi miwili. Korongo kijacho kitabeba watu wanne. Kona yake, ilisemwa, itashonwa na mashine mpya inayokuja, na benchi la kushonea kwa mkono litafungwa.

Zinaida ana miaka sabini na tisa. Macho yameingia ukungu, na kona nzima hawezi tena. Hilo analijua na hajamficha mtu. Alichotaka ni kupewa mtu mmoja amfundishe kabla benchi halijafungwa. Alikwenda kiwandani kuomba mara tatu. Mara zote tatu walimpa chai na biskuti.

Foleni ikasogea, akaingia.

Sasa hili si rahisi kuamini, lakini miaka arobaini na tatu ya kazi hakuwahi kukiona chombo. Parachuti ziliondoka kiwandani ndani ya masanduku yaliyopigwa lakiri, na washonaji hawakuambiwa hata zinakwenda wapi. Walijua kwa kusikiliza redio. Picha aliziona, ndiyo. Picha hainuki. Kitu hiki kilinuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni, na kilikuwa katikati ya ukumbi ule ule tunaochezea dansi Mwaka Mpya.

Kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Sauna ya shemeji yake, kibanda cha kuogea mvuke, ilikizidi. Ubavu mmoja ulikuwa umebabuka, rangi ya mkate uliokaa tanurini muda mrefu mno, na kioo cha dirisha kimeshika masizi. Mlango uliachwa wazi, na ndani alihesabu viti vinne, kila kimoja kimechongwa kufuata mgongo wa mtu. Akasimama mbele ya vile viti mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Wanne. Wanakaa wamekunja magoti kama watoto tumboni, na kinachowazuia wasipasuke ardhini ni kitambaa.

"Bibi, kamba," akasema mlinzi, baba wa makamo mwenye kifua kipana. Beji yake iliandikwa Semyon.

"Sivuki kamba. Nainama."

"Unainama ukiwa umeshavuka."

"Basi nishike mkono nisianguke, badala ya kunisomea sheria."

Semyon akamshika mkono.

Parachuti yenyewe, nyeupe na rangi ya chungwa, ilining'inizwa darini, na upande wa juu ukateremshwa mpaka usawa wa macho, ili watu waione kona. Zinaida hakuhitaji macho. Alipitisha kidole, na Semyon akajifanya anaangalia kwingine. Mishono yote ilikuwa imelala kushoto. Mwaka 1979 mkaguzi mmoja aliyevaa tai aliirudisha kona yake kwa sababu hiyo hiyo. Akamwambia mshono wa namna ile haumo kwenye mchoro. Zinaida akamjibu mbele ya karakana nzima, "Uvute, basi." Wakaufunga kwenye mtambo, wakauvuta. Mkanda ulikatika. Kona ikabaki. Tangu siku ile mchoro ndio uliobadilishwa.

Pembeni mwa kona lilisimama bango. Akaona herufi kubwa, na jina lake akalitambua kwa umbo, lakini mengine yalikuwa ukungu. Kando yake alisimama mwanamke mwembamba wa kama miaka thelathini na sita, kitambulisho kifuani, akiwaeleza watu habari za chombo.

"Binti, nisomee hapa."

"Zinaida Prokofyevna! Umepitia wapi? Tunakusubiri mlango wa mbele." Alikuwa Vasilisa Igorevna, wa ofisi ya maonyesho, zamani alikaa miaka minne kwenye ukumbi wa kushonea. Akavuta pumzi, akasoma kwa fahari: "'Kona ya mwisho iliyoshonwa kwa mkono. Kazi ya Zinaida Prokofyevna Lukoyanova.' Nimeliandika mimi mwenyewe."

Zinaida akasogeza sikio. "Rudia neno la tatu."

"La tatu? 'Ya mwi...'" Vasilisa akajishika mdomo.

"Miaka minne ulikaa ukumbini. Minne! Na chombo kijacho kina watu ndani."

"Niliandika kwa heshima, Zinaida Prokofyevna. Nilimaanisha kwamba baada yako hakuna..."

"Ndivyo ulivyoandika. Nimesikia vizuri."

Semyon akasogea, uso umebadilika. "Mimi nimeruka mara thelathini na saba jeshini," akamwambia Vasilisa. "Nilidhani bango limekosewa na watu wa mjini. Ni wewe? Ah, dada!"

Kabla Vasilisa hajajibu, mkurugenzi akatokea akipasua watu, kipaza sauti mkono mmoja na maua ya tulipu, mekundu, mkono wa pili. Gleb Arkadyevich si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka tu. Hata mazishi ya babake alifika injini ya gari ikiwa inawaka.

"Huyu hapa shujaa wetu!" Sauti ikavuma ukumbi mzima. Akampa maua, akambusu shavu. "Leo tunamuaga mwanamke ambaye mikono yake..."

"Ngoja," akasema Zinaida, na akaanza kuhesabu maua kwa kidole, polepole, kama anayehesabu mishono. "Sita. Saba. Nane."

Kwetu maua ya idadi ya jozi hupelekwa makaburini. Hata mtoto wa chekechea hampi mwalimu wake maua nane.

Mkurugenzi akawa mwekundu kuliko tulipu. "Yalikuwa tisa! Naapa, Zinaida Prokofyevna, yalikuwa tisa, moja lilibanwa na mlango wa gari, nikalitupa..."

"Bango linasema nimekwisha, maua yanasema nimezikwa. Jeneza liko wapi, Gleb Arkadyevich? Au ndiyo hili lenye viti vinne?"

Mwenye kofia ya manyoya akacheka kwa nguvu mpaka mkewe akampiga kiwiko. Zinaida akachomoa ua moja, akamchomeka Semyon kwenye kitundu cha kifungo cha koti. "Sasa ni saba. Sasa niko hai. Tuzungumze. Kona ya chombo kijacho anashona nani?"

"Mashine," akasema mkurugenzi, akiwa amekishusha kipaza sauti lakini hakukizima. "Inafika Septemba."

"Imeshashona kona?"

"Kwenye majaribio, kwa kiasi kikubwa, ilifaulu."

"Kwa kiasi kikubwa." Akageukia vile viti. "Na mama wa huyu wa kiti cha nne utamwambia hivyo hivyo? Mwanao ameshuka, mama, kwa kiasi kikubwa?"

"Zinaida Prokofyevna, hakuna wa kumfundisha! Wasichana hawataki. Wanakaa wiki, vidole vinatoka damu, wanaondoka."

"Mimi nilikaa wiki kwenye benchi lile," akasema Vasilisa kwa sauti ndogo. "Sikuondoka kwa sababu ya vidole. Niliambiwa mishono yangu inalala vibaya."

"Inalala wapi?"

"Kulia."

Zinaida akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Penye meza ya watoto, chini ya kibao cha "Gusa", palikuwa na kipande cha mfano, tabaka zote kumi na nane, zimeunganishwa kwa gundi tu. Akakichukua. Akageuza ukosi wa koti lake na kuchomoa sindano. Sindano haikuwahi kukosekana hapo, yenye uzi tayari, tangu enzi za Pelageya. Akatoa mfukoni kastabani ya chuma ya kukinga kidole, iliyolika kwa vidole vya washonaji wawili.

Akasimama, maua yamebanwa kwapani, akashona kwa kushoto. Mshono wa kwanza ukapita. Wa pili. Wa tatu aliusukuma kwa kiganja chote, na watu waliokuwa karibu wakasikia kitambaa kikilia. Wa nne sindano ikatafuta mahali pake, ikakosa, ikatafuta tena.

"Basi, inatosha, Zinaida Prokofyevna," mkurugenzi akasema kwa upole. "Umeshafanya yako."

"Sijakuuliza." Akampa Vasilisa kitambaa. "Endelea hapo."

"Mbele ya watu?"

"Hao wanne watashuka mbele ya dunia nzima. Shona."

Vasilisa akavua kitambulisho, akashona. Mshono wa kwanza ulimtoa jasho, wa pili ulimtoa damu, akanyonya kidole na kuendelea. Alishona minne. Zinaida akaipapasa, akabenua mdomo.

"Kama meno ya mzee. Semyon, shika huku. Wewe mla alizeti, shika huku. Vuteni!"

Wakavuta, mabuti yakiteleza kwenye sakafu ya dansi, mpaka kofia ya manyoya ikaanguka. Gundi ikaachia upande mmoja, kitambaa kikajikunja vibaya, na mishono saba ikabaki pale pale, mitatu imelala kushoto, minne kulia.

"Mibaya," akasema Zinaida. "Lakini haikuachia. Gleb Arkadyevich, benchi ni lako, lifunge. Meza yangu ya jikoni hukuipiga lakiri. Nataka mabaki ya kitambaa na mikanda, kila wiki, na huyu umpe ruhusa Jumatatu na Alhamisi. Mashine yako ikija Septemba, tutaweka kona yake na kona yetu kwenye mtambo, na zote zivutwe."

"Chukueni mabaki, chukueni, kuna mtu amewakataza?" akafoka mkurugenzi, na kipaza sauti, ambacho bado kilikuwa wazi, kikalipeleka neno lake mpaka foleni ya nje. Watu wakapiga makofi. Sasa hata angetaka kulirudisha asingeweza. Mji mzima ulikuwa shahidi.

Zinaida hakupiga makofi. Alimwomba Semyon kalamu, akasogelea bango mpaka pua ikaligusa, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika, kwa mkono wa kulia aliolazimishwa kuutumia shuleni, herufi zikipanda na kushuka: *ukingoni*. Kisha akaishika mikono ya Vasilisa, akaigeuza, akaitazama kwa karibu sana, akamvika kastabani kidole cha kati.

"Hii ilikuwa ya Pelageya. Usiipoteze, na usiioshe kwa sabuni. Jumatatu saa mbili asubuhi, ghorofa ya tatu, mlango wa bluu. Kengele imekufa, gonga. Utaleta kipande cha tabaka sita. Utakishona, nitakipapasa, utakifumua, utakishona tena. Ikifika mara arobaini tutakwenda tisa. Kumi na nane utaigusa nikikuambia, si kabla. Na usijaribu kulaza mishono kushoto ili kunifurahisha. Yako inalala kulia. Iache ilale kulia, wakaguzi watachora mchoro mwingine. Umenisikia, binti?"

"Nimekusikia, Zinaida Prokofyevna."

"Sasa futa damu, rudi kwa watu wako uwaeleze chombo. Na hiyo kona ya watu wanne utaishona wewe."