Mkanda wa Tano Haupo

Mama alikuwa katika wiki ya saba ya eda nilipoweka kompyuta yangu juu ya stuli, mbele ya kitanda chake, nikamwonesha filamu iliyotengenezwa Manila kabla ya vita vikuu vya pili. Sikuwa na nia njema wala mbaya. Nilikuwa nimechoka na kimya cha chumba kile.

Mama yangu ni mtu wa tamthilia za Kifilipino, zile zinazotiwa sauti za Kiswahili, ambamo yatima hugundua kwamba tajiri anayemnyanyasa ndiye mama yake mzazi. Kwa miaka mingi saa ya tamthilia ikifika nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilisimama, hata chai ya baba ilisubiri. Baba alikaa pembeni na gazeti usoni, akijifanya hasikii. Kesho yake, mezani, aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Yule muovu keshakamatwa?"

Tamthilia hizo ndizo zilizonipeleka kwenye filamu za kale za Kitagalogi, lugha ya Manila. Nilitaka kujua machozi yale yalianzia wapi, nani aliwafundisha watu wale kulia bila nywele kuharibika. Nikasoma nilichoweza kukipata. Nyota wa mwanzo wengi walitoka jukwaani, kwenye michezo ya kuimba, na mbele ya kamera waliendelea kuinua mikono kama wanaotaka kuonekana na mtu wa kiti cha nyuma kabisa. Filamu zao zilikuwa nyingi. Kisha vita vikauteketeza mji wao, na ambazo moto haukuzifikia ziliozea makoponi kwa joto na unyevunyevu, kwa kuwa mikanda ya wakati ule ilikuwa dhaifu. Zilizobaki za kabla ya vita unazihesabu kwa vidole. Kuna wanawake waliokuwa nyota, watu wakibandika sura zao ukutani, na leo hakuna hata dakika moja ya wao wakitembea. Imebaki picha, labda na mistari miwili ya gazeti inayosifu kilio chao.

Nilianza kuandika riwaya juu ya mwanamke wa namna hiyo. Riwaya ndiyo iliyonipeleka Bwejuu, upande wa pili wa kisiwa, kwenye kambi ya waandishi vijana, siku kumi katika nyumba ya kukodi karibu na pwani. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi baada ya chai simu zote zizimwe na kutiwa ndani ya pakacha, zisitolewe mpaka magharibi. Wazo la pakacha lilikuwa langu.

Siku ya nne baba alifariki asubuhi, mjini, nyumbani, mama akiwa naye peke yake. Walinipigia mpaka wakachoka. Hakuna aliyeijua nyumba tuliyokaa, nilikuwa nimeaga kwa kusema Bwejuu tu. Alizikwa baada ya sala ya alasiri. Nilipowasha simu yangu jua lilikuwa linazama na pakacha lilikuwa tupu. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika kurasa tatu, nzuri kwa macho yangu ya siku ile, kuhusu mzee anayefariki katika filamu.

Daktari wa meno akikuchoma sindano ya ganzi, unaligusa shavu lako kwa kidole na unajua ni lako kwa sababu tu liko usoni pako. Hivyo ndivyo nilivyokaa matangani. Nilipokea rambirambi, niligawa kahawa, niliwaonesha wageni choo. Kitu kimoja tu nilikitaka: kujua kama baba aliniulizia. Mama ndiye pekee aliyeweza kuniambia. Nilipomuuliza mara ya kwanza aliniomba nimletee maji ya kutawadha. Mara ya pili alisema tutazungumza, na hatukuzungumza. Alikaa na nguo zake nyeupe zisizo na nakshi, akijibu salamu, akisali, akilala. Sikumsikia akilia. Televisheni ilikuwa imefunikwa kanga tangu siku ya msiba.

Aliyeifunika ni shangazi, dada wa baba, mwenye duka la vitambaa Mlandege. Kila siku alifunga duka adhuhuri akaja kukaa na wifi yake mpaka alasiri, mlezi wa eda aliyejiteua mwenyewe. Siku ya filamu alikuwepo, pamoja na jirani yetu wa ghorofa ya juu aliyeleta kisahani cha vileja.

"Eda ya kaka yangu mnaitilia sinema?" aliuliza shangazi.

Nilimwambia si televisheni, ni kazi yangu, na filamu yenyewe ina miaka themanini na kitu. Nikamwambia hakuna hata mmoja aliye hai katika watakaopita pale.

"Wanaume pia?"

"Wote, shangazi."

Akafikiri kidogo. "Kama wote maiti basi hakuna wa kumtamani," akasema, akavuta mkeka karibu.

Mama alisogeza mto wake ili aone.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa mfasiri, nikiwasemea wanaume kwa sauti nzito na wanawake kwa nyembamba. Ni hadithi ya binti wa fundi viatu. Ana sauti nzuri, baba yake hataki aimbe mbele za watu, na binti anaondoka na kundi la waimbaji linalohama mji kwa mji. Baba anaugua. Barua inatumwa, lakini kila inapofika kundi limeshahama jana yake. Ndiyo filamu nzima. Nyota aliyecheza binti alikuwa na uso wa mviringo uliopakwa poda mpaka ukang'aa, na gauni ambalo mikono yake ilisimama mabegani kama mbawa za kipepeo.

Jirani alitaka kujua mwanamke yule anapitaje mlangoni. Shangazi alisema anapita ubavu, kama kaa. Kisha jirani akauliza mbona mvua inanyesha mpaka ndani ya nyumba, nikamweleza kwamba ile si mvua, ni michubuko ya mkanda. Hakuniamini. Kila mara paliponyesha alinyanyua kidole.

Wakazama, hata hivyo. Barua ilipokosa kundi kwa mara ya pili shangazi alimsonya mpeleka barua. Mwisho wa mkanda wa nne, kati ya sita ya filamu ile, yule fundi viatu yuko kitandani, majirani wamemzunguka. Ananyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Midomo inafunguka. Na pale pale kioo kinakuwa cheusi, na linatokea tangazo jeupe la wale waliouhifadhi mkanda.

Nililisoma. "Mkanda wa tano haupo."

"Haupo umekwenda wapi?" aliuliza shangazi.

"Umeoza."

"Tumekaa saa nzima, kisha pa kufa ndipo palipooza?"

Niliwaambia kinachofuata ninakijua, kwa sababu mkanda wa sita upo: binti yuko makaburini na mtandio mweusi, anaimba. Baba alisema nini kabla ya kukata roho, hajui mtu. Waliotengeneza wamekufa, na karatasi za mchezo hazikupatikana.

Hapo ukazuka ubishi. Jirani alisema mzee alimlaani, sura yake ilikuwa ya kulaani. Shangazi alisema haiwezekani, aliyelaaniwa haimbi juu ya kaburi, sauti yenyewe haitoki. Jirani akasema kuna wanaoimba kwa ujeuri tu, anawajua, mmoja alikuwa mke mwenza wa dada yake. Mwishowe wakanigeukia. Si mimi mwandishi? Hebu niseme.

Nilikuwa na kurasa tatu za jawabu hilo, zile za Bwejuu. Mle ndani mzee alizungumza kwa maneno mengi na mazuri.

"Alimwita," alisema mama.

Tuligeuka sote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki saba kumsikia akianza mazungumzo yeye.

"Alimwita jina lake mara tatu. Wakamwambia yumo njiani. Akasema, mwambieni asikimbie, njia ni mbaya, asije akaumia. Mwambieni mie nshamsamehe tangu siku aliyotoka, na sauti yake naisikia. Halafu akageukia ukutani."

Alisema kwa sauti ya tamthilia, ileile inayopanda na kutetemeka mahali panapostahili. Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kanga na mabega yake yakaanza kucheza. Alikuwa akimlilia kaka yake. Jirani naye akalia, kwa kuwa shangazi analia. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Nilimtazama mama, naye alikuwa akitazama kile kioo cheusi. Nikadhani nimeshajibiwa. Nilisubiri nione nitahisi nini.

Nikabonyeza kitufe. Yule nyota aliimba kaburini mpaka mwisho, na hakuna aliyenitaka nifasiri.

Baada ya adhana ya alasiri wageni waliondoka, shangazi macho mekundu, akisema kwamba wale Wafilipino wa zamani walikuwa na adabu kuliko hawa wa sasa. Mama alisali. Nilikuwa nakusanya vikombe alipokuwa akiukunja msala wake.

"Mama. Baba ndivyo alivyosema?"

Aliukunja mara mbili, akauweka kwenye kiti.

"Ile ilikuwa sinema, mwanangu."

"Na baba?"

"Baba yako aliomba chai." Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nikamletea. Ilikuwa moto, akasema iache ipoe. Nikaenda jikoni kuzima jiko. Niliporudi, keshakwenda."

"Hakuniulizia?"

"Hakumuulizia mtu. Hakujua kama anakufa. Hata mie sikujua."

Nje mtu alikuwa akiburuta mkokoteni kwenye mawe ya uchochoro. Tulisubiri upite.

"Lile jengine nalitunga tangu ulipoingia mlango ule," mama alisema. "Wiki saba. Kila nikitaka kukwambia naona halina sura ya baba yako. Yeye na kumwita mtu mara tatu, wapi na wapi. Leo limepata mwenyewe."

Nilikaa chini, mgongo kwenye kitanda chake. Ilikuwa nafasi nzuri ya kulia, na nadhani sote wawili tuliliona hilo. Mkononi nilikuwa na vikombe vitatu, kimoja ndani ya kingine. Swali lililonijia halikuwa na maana yoyote, lakini nililiuliza.

"Ile chai ulimwaga?"

"Nilikunywa," alisema mama. "Ilikuwa ishapoa."

Kisha aliniuliza kama yule mwanamke mwenye gauni la mbawa ana filamu nyengine. Nilimwambia alicheza nyingi sana, iliyobaki ni hiyo.

"Basi kesho iweke tena. Wakija shangazi yako na jirani wakikuuliza pale pasipokuwepo, usiseme kitu."

Nikaenda kuosha vikombe.