Mayai Yaliyojigeuza Yenyewe

Mtaani walimwita Barafu, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka thelathini na nne alitengeneza friji za watu: za bucha, za zahanati, za wauza soda. Hakuna friji lililomshinda isipokuwa moja, nalo lilikuwa la mkewe. Kompresa ilikufa, akaahidi kulitazama kesho. Kesho hiyo ilikuwa imetimiza miaka mitatu, na friji sasa lilikuwa kabati la sufuria.

Alipofunga karakana kwa sababu ya mgongo, alikaa nyumbani wiki nzima akiutazama ukuta, mkewe akimtazama yeye. Wiki ya pili akatangaza kwamba friji linafufuliwa.

Mkewe, ambaye wote walimwita Mama Mapacha kwa ajili ya watoto wao wawili waliokwisha kuhama, akaacha kukunja nguo. "Kweli, Baba Mapacha?"

"Kweli kabisa. Linakuwa mashine ya kuangulia mayai ya bata."

Mama Mapacha alimaliza kukunja shati lile, akalipiga-piga mikunjo, kisha akasema neno lake. "Sikiliza. Humu ndani hujawahi kumaliza kitu. Mlango wa choo unafungwa kwa kamba. Bomba la jikoni linafunguliwa kwa koleo. Haya, nakupa hao bata. Wasipotoka, mimi nakwenda kwa dada yangu, na sikwambii narudi lini."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele, maana kelele Barafu alizizoea. Upole ule ndio uliomtia hofu.

Akajifungia na kazi. Alitia balbu mbili, feni ndogo, bakuli la maji na kipimajoto. Lakini mtu aliyepoza vitu maisha yake yote hajui kupasha. Kipimajoto kilipofika thelathini na saba na nusu, pale pale panapotakiwa, aliruka kuchomoa waya akidhani friji limeharibika. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano mkewe alimshika mkono.

Mayai kumi na mawili yaliletwa na jirani mfuga bata, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku hiyo Barafu alikuwa kalala chini nyuma ya friji, ikionekana miguu tu, kwa hiyo jirani alimpa maelekezo Mama Mapacha.

"Baba Mapacha, jirani anasema bata wana..."

"Mambo ya mashine niachie mimi," ikajibu miguu.

Basi akaachiwa. Barafu alikuwa amewahi kuona kuku wakilaliwa mayai utotoni, au tuseme kuku wakilalia mayai, hata hilo alikuwa akilichanganya, na elimu hiyo aliiona inatosha. Siku ishirini na moja. Kugeuza mara mbili, asubuhi na jioni. Akachora mstari wa penseli kwenye kila yai: asubuhi mstari juu, jioni mstari chini.

Siku ya tano, jioni, alirudi kutoka kwa kinyozi, ambako kila mchana alikwenda kubishana, akafungua mashine ili ageuze. Mistari yote ilikuwa chini tayari.

Alisimama na yai mkononi. Asubuhi aliiweka juu kwa mikono yake mwenyewe, angeapa. Siku ya sita, hivyo hivyo. Siku ya saba, hivyo hivyo. Mtu mwingine angejiuliza nani mwingine anaishi nyumba hii. Barafu akachukua daftari akaandika: "Wamejigeuza wenyewe. Wana nguvu sana." Kisha akawageuza tena, wasije wakazoea kujiamulia.

Kwa kinyozi habari ilipokelewa kwa heshima. Kinyozi mwenyewe alikuwa mdogo wake Mama Mapacha, mtu mwangalifu. "Shemeji," alisema, "hapa lazima apatikane shahidi."

Wakakaa wawili mbele ya friji kuanzia saa sita hadi saa kumi, masikio mlangoni. Hakuna yai lililotikisika. Mama Mapacha alipita mara tatu na ufagio, akifagia sakafu aliyokwisha kuifagia, na mara ya tatu akauliza, "Nyinyi wanaume hamna kazi?"

"Wana haya," Barafu alimweleza shemejiye. "Wamekuona mgeni."

Siku ya ishirini na moja aliazima viti. Watu walikuja, wakanywa soda, wakalitazama friji, nalo likawatazama. Saa tisa soda zikaisha. Saa kumi kinyozi akakohoa, akakumbuka kuwa kuna mteja. Mama Mapacha aliingia chumbani, akatoka na begi la kijani, akaliweka karibu na mlango. Lilikuwa limejaa.

Barafu aliona aibu mpaka masikio yakamuuma. Akapeleka mkono kwenye waya.

"Unazima nini?" Jirani mfuga bata ndiyo kwanza anaingia.

"Yamekufa, mama."

"Yafe na nini? Bata ni siku ishirini na nane! Nilimwambia mkeo."

Wote wakamgeukia Mama Mapacha.

"Nilitaka kumwambia," alisema. "Miguu ikakataa."

Begi lilibaki pale mlangoni. Barafu alilikwepa kila alipopita, na siku saba hizo hata kwa kinyozi hakwenda bila kurudi mapema kuangalia kama bado lipo. Siku tatu za mwisho mkewe alimwambia mayai yasiguswe kabisa, naye, kwa mara ya kwanza, alitii bila kuongeza neno.

Siku ya ishirini na nane maganda yakaanza kupasuka. Kesho yake asubuhi vifaranga walikuwa tisa, wamekauka, wamekasirika. Barafu alipiga magoti, akawashusha sakafuni mmoja mmoja, akanyoosha mikono. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Njooni kwa baba."

Wakasimama wanamtazama.

"Chai inapoa!" Mama Mapacha aliita kutoka jikoni.

Vichwa tisa vikageuka pamoja. Wakapita katikati ya magoti yake, wakateleza sakafuni, wakaanguka, wakainuka, wakaenda kujazana juu ya ndara za mkewe. Barafu aliwafuata mpaka jikoni.

"Wamekujuaje?"

Mama Mapacha alikuwa ameshika birika, hana pa kukimbilia. "Saa nane mchana," alisema. "Mara tatu kwa siku, si mara mbili. Wewe ukienda kwa kinyozi, nawageuza."

"Na unazungumza nao?"

"Nizungumze na nani mwingine?"

Barafu alikumbuka daftari lake, kurasa nzima za "Wana nguvu sana", na hakucheka. Jibu la mkewe lilimchoma kuliko aibu ya viti vile vyote. "Unawaambia nini?"

"Mengi."

Akaweka birika, akaenda mlangoni akiburuta ndara taratibu asikanyage mtu, jeshi nyuma yake. Akafungua zipu ya begi la kijani. Ndani hamkuwa na nguo hata moja. Lilijaa chakula cha vifaranga hadi shingoni.

"Kumbe hukuwa unaondoka?"

"Nilikuwa naondoka," alisema, akichota kwa kikombe. "Nguo ningefunga baadaye. Kwanza wangekula."

Mchana huo kinyozi alimsubiri shemejiye bure. Saa nane Barafu alivuta kigoda jikoni, akakaa kati ya vifaranga waliomsusia.

"Haya," alisema. "Niambie mimi."

Mama Mapacha akawamwagia vifaranga kikombe kingine cha chakula.

"Mlango wa choo," alisema.

Barafu akainuka kwenda kutafuta bisibisi.