Golikipa Niliyemnyima Cheti

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Masasi, Mganga Mfawidhi alinikabidhi chumba chenye kitanda kimoja, kamba mbili na mifuko ya mchanga ya kuvutia miguu iliyovunjika. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Binti," aliniambia, "mgonjwa wa mgongo usianze kumwuliza panauma wapi. Mwambie avue viatu, kisha tazama anavyoinama." Hivyo ndivyo nilivyoianza fiziotherapia, kazi ya kutibu viungo kwa mikono na mazoezi.

Wagonjwa wangu walikuwa watu walioanguka kutoka juu ya mikorosho, na akina mama walioumizwa na ndoo za maji. Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Newala. Huko maji ni shida, kwa hiyo migongo haikunipa likizo. Nilipokaribia kustaafu, akaja Rashidi.

Rashidi wa Chilangala, hukohuko Newala, alikuwa golikipa wa timu ya ligi kuu huko Dar es Salaam. Aliruka kuokoa mpira, akapiga kiuno kwenye nguzo ya goli. Pingili moja ya uti wa mgongo iliingia ufa, na diski, ule mto laini unaokaa kati ya pingili, ikasogea na kubana mshipa wa fahamu. Mkataba wake haukuwa na neno hata moja kuhusu majeraha. Posho za mechi zilikoma siku ileile, na mkataba ulipokwisha klabu haikuuongeza. Akarudi nyumbani na mkewe, Mama Shaibu.

Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi mitatu wakala wake alipofika na gari na karatasi. Klabu nyingine ilikuwa tayari kumsajili, mradi niandike kwamba amepona. Nilimlaza Rashidi chali, nikauinua mguu wake ukiwa umenyooka. Ulipofika nusu tu akauma meno. Maumivu yalimshuka hadi kisiginoni. Maana yake mshipa ulikuwa bado umebanwa.

"Sisaini," nikasema.

"Mama, mwili huu ndio mikorosho yangu. Sina shamba lingine."

"Ndiyo maana siwezi kukuachia uung'oe, mwanangu."

Wakala akaenda kunishtaki kwa Mganga Mkuu. Bosi wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia. "Akivunjika, jina litakalosomwa kwenye karatasi ni lako, si la huyu bwana. Wewe unasemaje?" Nikarudia: sisaini. "Basi, umemsikia mtaalamu," akamwambia.

Rashidi aliondoka bila kuniaga. Wiki mbili hakuonekana, na mimi sikuwa na raha, kwa sababu nilijua nilichomnyima: mshahara wa misimu miwili. Siku ya kumi na tano mlango ukafunguliwa. Mama Shaibu alikuwa amemshika mumewe mkono.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mtu wako. Kupiga deki tu kumemshinda, atadaka penalti?"

Tulicheka wote, na Rashidi akacheka kuliko sisi. Tangu hapo hakukosa hata siku moja. Nilimkataza kubeba maji, akawa anapanga foleni bombani na ndoo tupu, wanawake wakimtania, na mkewe akija kujitwika. Tuliimarisha misuli ya tumbo na kiuno taratibu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo. Ilituchukua karibu mwaka mzima hadi mguu ukapanda wote bila maumivu. Siku hiyo nilisaini kwa furaha.

Alipata timu ya daraja la chini, kwa nusu ya mshahara wa zamani. Lakini safari hii alikataa kutia sahihi mpaka waandike nani atamtibu na atalipwa nini akiumia. Pia alianza kusomea ukocha wa makipa, maana mgongo uliowahi kupasuka hauahidi misimu mingi.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna mashine ambazo sisi hatukuziota. Zitumieni. Ila mjue kwamba siku moja mtatakiwa kusema hapana kwa mtu mnayempenda, na hakuna mashine itakayowasaidia kuisema.

Wiki moja baada ya mimi kustaafu, timu ya Rashidi ilikuja kucheza Masasi, nami nikaenda. Niliporudi mume wangu akaniuliza matokeo.

"Sijui," nikamjibu. "Ameanguka mara tisa, akainuka mara tisa."